Punje ya Thelathini na Moja

Wiki iliyopita mliniacha stendi ya Sumbawanga nimeshika risiti ya kifurushi. Basi limefika, kifurushi hakimo. Ndani yake zilikuwa karatasi za kura.

"Kimepitiliza mpaka Mpanda," kondakta aliniambia, wala hakushuka mlangoni.

Mpanda hawakuwa na uchaguzi. Wenye uchaguzi tulikuwa sisi, kesho yake saa tatu asubuhi, wajumbe sitini na mmoja, na mwenye dhamana ya kila kitu, kuanzia mhuri mpaka chumvi ya chakula, ni mimi.

Anayenikuta leo kwa mara ya kwanza asihangaike. Naitwa Epifania, mwenyeji wa Mollo, darasa la saba, mama wa mtoto mmoja. Nilikuwa katibu wa wanawake wa chama mkoa mzima wa Rukwa. Chama chenyewe sikitaji, kinajijua.

Watu huuliza nilifikaje huko na elimu yangu hii. Nilifika kwa mwandiko mzuri na mikosi ya wenzangu. Katibu wa tawi aliolewa Mwimbi, nikaitwa. Katibu wa kata alihamia chama kingine na mhuri wetu mkononi, nikaitwa. Katibu wa mkoa mumewe alimwambia achague, vikao au ndoa, akachagua ndoa, nikaitwa. Sijawahi kuomba cheo hata siku moja. Kila jambo lilipotokea nilikuwa nimekaa hapo karibu, nina kalamu.

Nayasema haya nikicheka, lakini siandiki ili mcheke. Naandika kwa ajili ya mama mwenye binti. Wewe unayesema, kwa mwanangu nitafanya lolote. Nilikuwa nasema hivyo hivyo.

Sasa tuendelee.

Tulikuwa tunachagua mwenyekiti wa wanawake. Wagombea wawili.

Wa kwanza Mama Cornelia, aliyekuwa anamaliza muda wake na hakutaka uishe. Ana duka la vitenge sokoni, ana mwili, ana kauli. Tena ndiye mama yake Basil, na Basil ndiye mchumba wa Fortunata wangu. Tangazo la ndoa lilikuwa limesomwa kanisani mara ya kwanza Jumapili ile. Yalibaki mawili.

Na kulikuwa na haraka. Fortunata alikuwa na miezi minne. Shela ilikuwa imeshonwa kwa kubahatisha, fundi ameacha nafasi mbele.

Mimi Fortunata nilimzaa nyumbani kwa baba yangu, bila ndoa, na nilikaa nje ya ekaristi miaka mingi nikiwaangalia wenzangu wanapanga mstari. Nikaapa mwanangu hatapita pale. Hicho ndicho kilichokuwa moyoni mwangu, msije mkanitafutia kingine.

Siku tatu kabla ya uchaguzi Mama Cornelia alinikaribisha barazani kwake. Akanipa soda. Akaanza.

"Mkwe, harusi yetu iko pale pale, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nikishinda."

"Na Mungu akipenda," nikasema.

"Mungu ameshapenda. Sasa nikishindwa, mkwe, mimi nina presha. Nitalala kitandani. Kuna harusi gani mama wa bwana harusi yuko kitandani? Itabidi tusogeze mpaka mwakani, baada ya mavuno."

"Mama Cornelia, mwakani baada ya mavuno mtoto atakuwa anatambaa."

"Basi atatubebea pete."

Akacheka mpaka soda ikamwingia puani. Alipomaliza kujifuta akaniambia, "Wala sikuombi kitu, mkwe. Nakueleza afya yangu tu."

Nikaitikia. Soda nikaimaliza.

Mgombea wa pili alikuwa Mama Masanja wa Kaoze, kule bondeni. Msukuma, mke wa mfugaji, mwanamke akiita ng'ombe wake unasikia umeitwa na wewe. Wazee wetu wengine walinung'unika, eti mgeni atatuongozaje, wakati mgeni mwenyewe amezaa watoto saba hapa hapa Rukwa. Huyo ndiye aliyekaa na mimi hospitali siku tatu nilipopasuliwa tumbo. Ndugu zangu walileta maua ya plastiki. Yeye alileta maziwa, akanifulia.

Nawaeleza ili mjue mapema mimi ni mtu wa namna gani.

Basi asubuhi ya uchaguzi nikamweleza Mzee Leonardi habari ya karatasi. Huyu ndiye msimamizi, ametoka kanda, Mbeya, mwenye miwani miwili, ya kusomea na ya kukatalia.

"Bila karatasi hakuna kura," akasema, na miwani ya kukatalia usoni.

"Mzee, kwenye jumuiya yetu ya kanisa tunachagua kwa punje. Kila mgombea anakuwa na punje yake. Mtu anaingia nyuma ya pazia, anachukua punje moja, anafumba ngumi, anakuja kuitumbukiza kwenye ndoo. Hakuna anayejua ameshika nini. Hata asiyejua kusoma anapiga kura bila kushikwa mkono."

Akabadilisha miwani. Akaisoma kanuni kuanzia juu mpaka chini, kidole kikitembea.

"Inasema kura ya siri," akasema mwisho. "Haisemi karatasi."

Nikajiona nina akili.

Nikawaita wagombea wachague punje. Mama Cornelia akawahi. "Mimi mahindi. Mimi ndiye chakula."

"Chukua," Mama Masanja akamjibu. "Mimi maharage. Tuone ugali wako utashuka na nini."

Ukumbi ukacheka. Mahindi niliomba jikoni kwa Edith, mwenye mgahawa na mwenye ukumbi, ambaye tangu alfajiri alikuwa na sufuria kubwa la makande motoni kwa ajili yetu. Maharage yake yalikuwa madogo mekundu, yameshaingia yote kwenye sufuria. Nikatumia yangu. Nilikuwa nayo mkobani, mbegu niliyoagiza, maharage makubwa meupe, moja linajaa ncha ya kidole gumba.

Kura zikapigwa. Kila mama anatoka nyuma ya pazia na ngumi yake, anaiweka juu ya tundu la mfuniko, ukumbi wote kimya tunasikiliza. Ti. Mlio mmoja, mtu mmoja. Mjumbe mmoja wa mjini punje yake iligonga ukingo ikalia mara mbili, pakatokea kelele, ikabidi aape.

Milio sitini na moja. Nikachukua ndoo nikaingia stoo, chumba kidogo kati ya ukumbi na jiko. Kanuni inataka katibu ahesabu mbele ya msimamizi. Msimamizi alikuwa nje, amesimama juu ya tofali, anatafuta mtandao ampigie mtu wa kanda.

"Anza tu, Katibu," akanipungia mkono. "Nakuja."

Nikamimina punje kwenye ungo. Nikatenga. Meupe huku, mahindi kule.

Maharage thelathini na moja. Mahindi thelathini.

Nikahesabu tena, nikianza na mahindi, labda yatafurahi. Thelathini. Nikahesabu mara ya tatu kwa kidole kingine.

Mama Masanja ameshinda kwa punje moja.

Dirisha la stoo linaangalia uani. Fortunata alikuwa pale. Alikuja kumsaidia Edith kupakua, si kwa sababu aliitwa, ila mchumba anataka mama wa mumewe amwone anafanya kazi. Mama Cornelia akapita kwenda msalani. Mwanangu akapiga magoti kwenye vumbi, akapiga makofi yale ya taratibu ya heshima, kichwa chini. Mama Cornelia akamgusa bega. "Nyanyuka, mke wetu, usije ukauchosha mzigo."

Mke wetu. Nikatoka stoo kumfuata Leonardi. Nawaapia, wakati natoka, nilikuwa natoka kusema kweli.

"Umemaliza?" akaniuliza kutoka juu ya tofali.

"Nimemaliza, mzee. Njoo uone mwenyewe, maana zimepishana kwa moja."

"Kwa moja? Basi naja nihakiki."

Akashuka. Tukarudi pamoja. Nikafungua mlango wa stoo.

Ungo ulikuwa umesimamishwa ukutani. Msafi. Umekung'utwa.

Nilitazama chini, nikatazama kwenye ndoo, nikatazama nyuma ya magunia. Hakuna hata punje. Kupitia mlango wa pili namsikia Edith jikoni anaimba na mwiko wake.

Nikajua. Edith ni mwanamke hatupi kitu. Ndiye anayekausha maganda ya chungwa.

"Ziko wapi?" Leonardi akauliza.

Hapo, mama mwenzangu, ndipo penyewe. Ningesema, mzee, zimeingia kwenye chakula, turudie. Wajumbe walikuwepo, mahindi yapo, mkoba wangu bado una maharage. Ingechukua nusu saa.

Badala yake nilisikia mdomo wangu unasema, "Nimeshazihifadhi, mzee. Nimefunga."

"Vizuri. Lete fomu."

Alichoka yule mzee, alikuwa amekuja na basi la usiku. Akaweka sahihi kwenye fomu tupu ili nijaze mwenyewe. Akaniamini kwa sababu mwandiko wangu unaaminika.

Nikakaa. Nikaandika Cornelia, thelathini na moja. Nikaandika jina la pili, thelathini. Hakuna aliyenihonga, hakuna aliyenitisha, nilikuwa nimeelezwa tu afya ya mtu. Na sijawahi kuandika tatu na moja nzuri kama zile.

Nikatangaza.

Vigelegele vikapasua bati. Mama Cornelia akalia, akapiga ishara ya msalaba, akanikumbatia mbele ya watu, jambo ambalo halikupendeza. Mama Masanja akainuka taratibu. Nilijua ataleta fujo. Niliomba alete fujo, ingenirahisishia.

Akaja akanishika mkono. "Katibu umefanya kazi kubwa. Kura moja! Mwaka huu mmenitoa jasho, Wafipa." Akaenda akampa mkono Mama Cornelia.

Kisha Mama Cornelia akaomba kushukuru kwa maneno mawili. Alishukuru saa nzima na dakika arobaini. Aliwashukuru wajumbe, marehemu wazazi wake, na wateja wa vitenge. Muda wote huo sufuria la Edith linachemka, na mimi namwombea Mama Cornelia aendelee, maana kila neno lake lilikuwa linaivisha ushahidi.

Saa nane chakula kikatoka. Fortunata anapita na sahani, anapiga goti kwa kila mkubwa. Leonardi akaomba sala, tukaanza.

Kimya cha watu wenye njaa. Mimi nachambua sahani yangu kama mtu anayetafuta mawe. Sioni kitu, wekundu mtupu. Nikaanza kupumua. Nikasema moyoni, Epifania, yameiva, yamepasuka, yamekwisha.

"Nani ameniwekea jiwe?"

Alikuwa Bibi Agnesi wa Mwimbi, mjumbe mzee kuliko wote, mwenye meno machache anayoyatunza. Akatema kiganjani. Akainua.

Harage jeupe. Kubwa. Halijaiva.

"Hata mimi ninalo," akasema mwingine. "Mimi mawili!"

"Edith!" Bibi Agnesi akaita. "Wewe unachanganya maharage ya mataifa mawili?"

Edith akatokea na mwiko, hana hatia hata kidogo. "Si yale aliyoniachia Katibu kwenye ungo? Nimeingia stoo kuchukua chumvi nikayakuta, na mahindi kidogo. Nikasema watu ni wengi, nisiyatupe."

Sijui kama mmewahi kusikia vijiko sitini vinawekwa chini kwa pamoja.

Leonardi akavaa miwani ya kusomea. Akavua. Akanigeukia. "Katibu, si umesema umezihifadhi?"

"Mzee..."

"Zimehifadhiwa kabisa," Mama Masanja akasema. "Ziko matumboni mwa wajumbe!"

Akacheka. Kile kicheko chake cha kuita ng'ombe. Ukumbi ukacheka naye, hata waliopiga kura ya mahindi. Kwa dakika moja nikadhani itaishia kwenye kicheko, tutaitana watani, tutakula.

Lakini alipomaliza kucheka alikuwa amesimama.

"Mzee Leonardi, shikamoo tena. Mimi matokeo nimeyakubali, mkono nimetoa. Ila kama kura zangu zimeletwa mezani, si zinihesabiwe tu? Mahindi yamepotea ndani ya mahindi, hakuna wa kuyajua. Lakini haya meupe yanajulikana hata na kipofu. Yakifika thelathini na moja, mimi ndiye mwenyekiti. Yakipungua hata moja, sitafungua mdomo wangu tena, na ng'ombe wa kumpongeza Mama Cornelia nitamtoa mimi."

"Hii ni aibu!" Mama Cornelia akaruka. "Kuhesabu kura kwenye mate ya watu!"

"Aibu tumeshaila, mwenzangu. Hii ni hesabu tu."

"Kanuni inasemaje?" watu wakapiga kelele.

Leonardi akaifungua kanuni. Kidole kikatembea, kikarudi, kikatembea tena.

"Haikatazi," akasema.

Halafu akatoa agizo ambalo nitalikumbuka siku ya kufa. "Mtu yeyote asitafune. Midomo yote isimame."

Wajumbe sitini na mmoja wakakaa midomo imefungwa kama tunapigwa picha ya kitambulisho. Mama mmoja wa upande wa Mama Cornelia shavu likacheza kidogo.

"Huyo anatafuna!"

"Natoa uzi kwenye jino!"

"Toa na harage!"

Akalitoa. Sinia likaletwa. Bibi Agnesi akapewa kazi ya kupita, maana yeye tangu asubuhi alikuwa amewatukana wagombea wote wawili kwa usawa. Alianza meza ya mlangoni. Edith akaletewa beseni apekue kilichobaki kwenye sufuria. Anachokiona anakipeleka siniani.

"Moja. Mawili. Hili limevunjika, na nusu yake hii hapa, matatu."

Nilikuwa nimekaa meza ya mbele na kalamu yangu, niandike. Nikashusha macho kwenye sahani.

Lilikuwa pale. Limejitokeza chini ya mahindi, jeupe, linanitazama kama jicho.

Nikapiga hesabu niliyoijua mimi peke yangu duniani. Yakikusanywa yote, ni thelathini na moja. Likikosekana moja, ni thelathini, kama nilivyotangaza. Sihitaji kusema uongo wa pili. Nahitaji tu kijiko kimoja cha makande.

Nikachota. Nikanyanyua. Hapo ndipo nilipomwona Fortunata.

Alikuwa amesimama hatua tatu, ameshika jagi la maji. Anatazama kijiko. Akanitazama mimi. Akatazama kijiko.

Nikala.

Sasa nikawa nalo mdomoni na midomo yote imeamriwa isimame. Kutafuna siwezi, Leonardi ananitazama kila Bibi Agnesi anapotaja idadi. Nikajaribu kulimeza zima. Harage likagoma, likarudi juu ya ulimi. Nikalisukuma shavuni, upande wa ukutani.

"Kumi na tisa. Ishirini. Edith, huko kwenye sufuria?"

"Matatu!"

"Ishirini na tatu."

Mama Cornelia alikuwa amefumba macho, rozari mkononi. Nilijua anaomba nini. Lakini kitu kimoja sikukijua mpaka nilipomtazama vizuri: yule mama alikuwa anaamini ameshinda. Hakuna aliyemwambia vinginevyo. Alikuwa anaomba kama mtu anayeonewa.

"Ishirini na nane. Ishirini na tisa."

Ikabaki meza yetu. Leonardi akapekua sahani yake mwenyewe mbele ya watu. Hakuna. Mama Cornelia akasukuma ya kwake kwa ncha ya kidole. Bibi Agnesi akaipindua.

Harage moja, limejificha pembeni.

"Thelathini!"

Ukumbi ukaguna. Mama Masanja akasogea mbele, mikono nyuma. Hakuwa anacheka tena. Bibi Agnesi akafika kwangu, akageuza sahani yangu kwa kijiko, mara mbili, tatu.

"Katibu hana kitu," akasema.

"Thelathini," Leonardi akasema, na nikaona mabega yake yanashuka, mzee wa watu amepona. "Ni kama ilivyotangazwa. Katibu wetu alihesabu sawa."

Vigelegele vikaanza upya. Mama Masanja akainamisha kichwa. Kisha akainua mkono watu wanyamaze.

"Nimesema sitafungua mdomo, sasa naufungua mara moja, mnisamehe. Katibu, mimi nilikuwa nimekutilia shaka. Niliposikia kura zimepikwa nikasema moyoni, Epifania amenifanyia nini, na tumbo lake nilililinda kwa mikono hii. Nimekukosea. Naomba unisamehe mbele ya wenzetu."

Akapiga goti. Msukuma yule, mtu mzima, akapiga goti letu la Kifipa, akagonganisha viganja polepole.

Sitini wananitazama. Mtu akipigiwa goti anajibu. Hata mtoto anajua.

"Jibu basi, Katibu," Leonardi akasema. "Na useme idadi kwa sauti, niandike, tufunge."

Nikagusa koo. Nikaonyesha kwa mkono kwamba chakula kimenikwama.

"Amepaliwa na furaha!" Mama Cornelia akasema. "Mke wetu, mpe mama yako maji!"

Fortunata akaja. Akamimina maji kwenye kikombe cha bati mpaka juu. Akapiga magoti mbele yangu, kama nilivyomfundisha tangu ana miaka mitatu, akanyoosha kikombe kwa mikono miwili.

Funda moja. Nilihitaji funda moja tu, lishuke, harusi iwe Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mjukuu wangu azaliwe ana jina.

Nikakishika.

Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini sauti yake ilikuwa kavu, ndogo, ya kunitosha mimi peke yangu.

"Mama. Ni ngapi?"

Nikavuta kikombe.

Hakukiachia.